Nyota Tatu Zisizokuwa za Sungura

Alhamisi tarehe 14 Machi 2019, saa nne na dakika kumi asubuhi, fundi sanifu wa meza ya mapokezi katika maabara ya mifugo aliandika mstari wa 4,417 kwenye daftari la sampuli: "Sungura. Mavi makavu. Mnyama mzima wa afya. Tofauti na wenzake, angalia kopo la pili." Daftari lipo, wino ni wa bluu na mwandiko ni wake. Kwa miaka mitano na miezi miwili hakuna aliyeangalia la pili, hata yeye mwenyewe.

Mwanamke huyo ana miaka hamsini na tisa. Kazini wanamwita Mama Kopo, jina alilobandikwa na mtunza ghala aliyechoka kumtolea vikopo mara mbili ya idadi iliyopangwa. Kila sampuli ya mavi inayofika mezani kwake huigawa. Sehemu kubwa huingia kwenye kikopo chenye dawa ya kuhifadhi, kisha kwenye friji la baridi kali, ambako wataalamu huifuata wanapoihitaji. Punje moja au mbili hubaki kavu. Hizo huzitia kwenye kikopo cha pili chenye kifuniko cheupe na kukipanga kabatini kwa namba. Hakuna mwongozo unaomtaka afanye hivyo. Alianza katika mwaka wake wa pili kazini, baada ya mkulima mmoja kuleta mavi ya ng'ombe ambayo baadaye yalishukiwa kuwa ni ya punda, na dawa ikawa imeshayalainisha kabla mtu hajauliza.

"Kitu kikishakuwa uji," huwaambia wanaoanza kazi, "hakina baba."

Chumba chake kina dirisha moja la kupokelea, beseni la chuma, mizani na kabati nne. Tatu kati ya hizo zimejaa vifuniko vyeupe. Mara mbili uongozi umeagiza vitupwe. Mara mbili ameomba agizo hilo kwa maandishi, na hakuna mkubwa aliyetaka saini yake ikae chini ya barua inayohusu mavi.

Chumba cha tatu upande wa kushoto ni cha daktari wa virusi, mwanamume mwenye miaka arobaini na mitatu, mrefu, anayetembea kama anayewahi mlango usifungwe. Wanamwita Bwana Mti. Ukutani kwake pamebandikwa karatasi kumi na tano za miti ya nasaba, matawi yamelala ubavu, na kwenye ncha ya kila tawi pameandikwa virusi vya mnyama fulani. Mwezi wa Novemba 2023 alikuwa akipekua friji kutafuta kundi moja tu, virusi vya nyota.

Kundi hilo limepata jina lake kutokana na sura. Chini ya hadubini ya elektroni, baadhi ya chembe zake huonekana zikiwa na nyota yenye ncha tano au sita katikati. Si zote, katika kumi, moja tu ndiyo hukuonyesha uso wake vizuri. Ukoo una nyumba mbili: moja ya virusi wanaoishi katika ndege, nyingine ya wanaoishi katika mamalia, nayo huitwa Mamastrovirus. Wengi hukaa tumboni. Wengine huwaharisha watoto, wengine hawamsumbui mtu.

Bwana Mti alipima sampuli mia mbili na sita. Katika kumi na mbili zilizotoka kwa mfugaji mmoja wa sungura, tatu zilikuwa na nyota: mistari ya 4,417, 4,420 na 4,426. Alisoma vinasaba vyake kutoka mwanzo hadi mwisho, akaviweka kwenye mti pamoja na jamaa wote wanaojulikana. Tawi likatoka peke yake, refu, halikumgusa yeyote.

Siku hiyo alitembea hadi dirisha la mapokezi akiwa na karatasi mkononi, akasahau kwamba kuna foleni.

"Mama, hebu tazama. Huyu hana ndugu."

"Kila mtu ana ndugu, Daktari. Labda hawajaja msibani."

"Nimepima protini ya ganda. Tofauti ni kubwa kuliko kiwango kinachotakiwa. Hii ni spishi mpya."

Mwanamke aliyekuwa mbele ya foleni na mfuko wa damu ya mbuzi aliomba wamsamehe, ila yake inaganda. Mama Kopo akampokea, akaandika mstari, kisha akaichukua ile karatasi na kuitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Picha ya hadubini ililetwa kutoka chuo kikuu mwezi wa Februari. Aliomba nakala. Mumewe, fundi cherehani mwenye kibanda mtaa wa nyuma ya maabara, aliigeuza huku na huku akasema inafanana na kifungo cha shati la mtoto. Akaibandika juu ya cherehani, kati ya bei za kupinda suruali na picha ya binti yao akihitimu.

Spishi mpya haiwi spishi kwa sababu mtu ameipenda. Kuna kamati ya kimataifa inayotunza orodha ya virusi vyote. Anayedai kuwa amepata kipya hujaza fomu ya pendekezo: vinasaba kamili, mti, kipimo cha ganda, mnyama alikopatikana, na jina la maneno mawili, la kwanza la nyumba, la pili la chaguo lake. Fomu hupokelewa mara moja kwa mwaka, na ile ya mwaka 2024 ilikuwa na tarehe ya mwisho ya Ijumaa, 14 Juni. Sanduku la juu kabisa ni la wapendekezaji. Bwana Mti aliandika jina lake, akaacha mkato, kisha akaandika la fundi sanifu wa meza ya mapokezi.

Katika miaka thelathini na moja ya kazi, jina lake lilikuwa limechapwa mara moja tu, kwenye orodha ya zamu za kusafisha friji. Mwezi wa Septemba anastaafu. Hakumshukuru Bwana Mti mbele za watu. Alimwambia tu kwamba jina la baba yake lina herufi moja aliyoiruka.

Jumatano tarehe 5 Juni alipewa fomu ahakiki. Alisoma sanduku la kwanza mara mbili. Akashuka hadi sanduku la mnyama: sungura wa kufugwa. Akashuka hadi jina lililopendekezwa: Mamastrovirus sungura. Chini yake palikuwa na namba tatu za sampuli, na kwa kuwa yeye hawezi kusaini namba asizozifungulia daftari, alilishusha la mwaka 2019 kutoka rafu ya juu.

Mstari wa 4,417: angalia la pili. Mstari wa 4,420: angalia la pili. Mstari wa 4,426: kama 4,417. Mistari tisa iliyobaki ya mfugaji yule haikuwa na neno lolote la ziada.

Alifungua kabati la pili, akatoa vikopo vitatu vyenye vifuniko vyeupe na kimoja cha mstari wa 4,418 cha kulinganishia. Akamwaga punje juu ya karatasi nne. Ile ya 4,418 ilikuwa ya sungura bila shaka: ya mviringo, nyepesi, imejaa nyuzi za majani, ukiibonyeza inavunjika kama biskuti. Zile tatu zilikuwa nyeusi zaidi na zimeshikana. Alizisogeza puani. Miaka mitano, na bado zilikuwa na harufu ya mkojo wa mnyama anayejisaidia mahali pamoja kila siku.

Saa sita na nusu alivuka barabara kwenda kwa mumewe. Alikuwa akipiga pasi.

"Baba watoto, ukishashona suruali ya mtu na kumbe vipimo ni vya mwingine, unafanyaje?"

"Ameshaivaa?"

"Bado. Anaivaa Ijumaa ijayo."

"Basi naifumua." Akaiweka pasi pembeni. "Ni ile karatasi yenye jina lako?"

"Ndiyo hiyo. Nikisema, huenda ikangoja mwaka mzima, na mwakani mimi sipo pale. Nisiposema, hakuna atakayejua."

"Wewe utajua. Na ukijua wewe, nitaambiwa mimi, kila siku, hadi nife. Nenda kaseme sasa, unihurumie."

Bwana Mti alikuwa amesimama, kama kawaida, akila mkate kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Mama Kopo aliweka karatasi nne juu ya meza, akamwonyesha daftari, na akasema sentensi aliyokuwa ameipanga barabarani: "Kosa la kwanza ni langu. Niliona, nikaandika, nikaendelea na foleni."

Daktari aliuweka mkate chini. Alizitazama punje, akatazama ukuta wake, akakaa. Watu wa maabara ile wanakubaliana kwamba ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa.

"Spishi bado ni mpya," alisema hatimaye. "Tawi halibadiliki. Ila tumempa mnyama asiye wake."

"Na jina."

"Na jina. Jina likishapitishwa, kulitoa ni kama kung'oa kisiki. Watu watalitumia, watawapima sungura, watawaogopa sungura."

Hapo ndipo lilipo tatizo la zamani la ukoo huu. Kwa miaka mingi virusi hivi vilipangwa kwa mnyama vilikookotwa: vya ng'ombe, vya kondoo, vya paka, vya nguruwe. Ilionekana ni mpango safi hadi ilipogundulika kwamba mnyama mmoja anaweza kubeba aina kadhaa zisizohusiana, na aina moja huweza kuruka ua na kuingia kwa jirani. Ndiyo maana siku hizi kinachopimwa ni ganda. Bwana Mti alikuwa akiyaeleza haya kwa wanafunzi kila mwaka, kisha yeye mwenyewe akampa kirusi wake jina la mnyama aliyeandikwa kwenye kikopo.

"Siku tisa," alisema.

"Nane na nusu. Umeshakula nusu."

Kuanzia saa hiyo mambo yalikwenda mbio. Mchana uleule Bwana Mti alikwangua punje tatu kavu na kuziuliza swali jingine kabisa: si una kirusi gani, bali ulitoka kwa nani. Kila kinyesi hubeba chembe za utumbo wa mwenyewe, na chembe hizo zina vinasaba vya mnyama. Punje zilizotiwa dawa zisingejibu vizuri, kwa kuwa zilishachanganywa na kusafishwa kwa ajili ya virusi tu. Zile kavu zilijibu. Alhamisi saa tisa alasiri mashine ndogo ya kusoma vinasaba, isiyozidi ukubwa wa kiatu, ilitoa jibu la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu.

Pimbi. Pimbi. Pimbi.

Mama Kopo alikuwa amesimama nyuma ya kiti na glavu mkononi. Bwana Mti alicheka hadi mhudumu wa usafi akachungulia mlangoni.

"Pimbi, Mama. Ndugu yake tembo."

"Nilikwambia. Ndugu zake walichelewa tu."

Kwenye mti wa daktari hapakuwa na pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, hata mmoja. Kama kirusi alikuwa wake kweli, tawi lile la peke yake lilikuwa na sababu ya kuwa peke yake. Lakini punje tatu za miaka mitano si ushahidi wa kutosha. Ilibidi wapatikane pimbi wenyewe, walio hai, karibu na sungura wale wale.

Ijumaa asubuhi walikuwa kwa mfugaji. Ni mzee mwenye kofia ya sufu na mabanda sita ya mbao na wavu, yaliyopangwa chini ya kilima cha mawe. Aliwapokea kwa mashaka. Habari ya virusi ilikuwa imemfikia nusu.

"Dada, nimesikia mnataka kuwaita wadudu kwa jina la sungura wangu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Miaka kumi wangu wanajiuza wenyewe. Sasa mkinitangazia ugonjwa, nitawapeleka wapi?"

"Tumekuja kuwatoa kwenye kesi, kaka. Hebu nieleze, mwaka ule uliokotaje yale mavi?"

Mzee akawapeleka kwenye banda la mwisho. Chini ya kila banda kuna trei ya bati. Sungura hujisaidia juu ya wavu, punje hudondoka kwenye trei. Hakutaka kuwasumbua wanyama kwa kuwashika mmoja mmoja, hivyo alizoa trei, kijiko kimoja kikopo kimoja, akaandika "sungura" mara kumi na mbili.

"Na juu ya paa kuna nini?" Mama Kopo aliuliza.

"Juu ya paa kuna paa."

Bwana Mti alipanda kwenye ndoo akachungulia. Paa la banda la mwisho lilikuwa limeegemea jiwe kubwa, na kona yake ilikuwa na lundo jeusi lililogandamana, lenye harufu ile ile. Chini ya lundo mbao ilikuwa na ufa wa upana wa vidole viwili, na ufa ulikuwa sawasawa juu ya trei. Pimbi wanne walikuwa wamekaa juu ya jiwe, mita ishirini hivi, wakiota jua na kuwatazama kwa dharau ya wenye nyumba.

Mzee alivua kofia. "Kumbe hao. Nawafukuza kwenye mboga kila siku, kumbe wamejenga choo juu ya vichwa vya watoto wangu."

"Na wewe ukakileta maabara kwa kijiko," alisema Mama Kopo.

"Sasa dada, mavi nayo yana kitambulisho?"

"Yanacho. Ila lazima yawe makavu."

Walikusanya punje ishirini mbichi kutoka kwenye mawe na ishirini kutoka kwa sungura, safari hii mnyama mmoja mmoja, mzee mwenyewe akiwashika kwa masikio na kuwaomba radhi. Mama Kopo aligawa zote pale pale juu ya kifuniko cha ndoo: la dawa, la kavu, la dawa, la kavu. Bwana Mti, ambaye kwa miaka tisa amekuwa akimtania kuhusu vifuniko vyeupe, ndiye aliyemshikia mfuko wake.

Jumamosi na Jumapili maabara hufungwa. Waliomba ufunguo. Mumewe alileta chakula kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa, akakaa kwenye benchi la mapokezi akishona vifungo vya sare za shule, akiuliza kila baada ya nusu saa kama kifungo chake kimepatikana.

Jumapili saa kumi jioni matokeo yalijipanga kwenye skrini. Sungura: sifuri kati ya ishirini. Pimbi: saba kati ya ishirini. Walichukua virusi wawili kutoka punje hizo saba wakasoma vinasaba vyote. Hiyo ilikula siku mbili nyingine, na Jumanne saa tano asubuhi Bwana Mti aliwaweka kwenye mti. Tawi lililokuwa peke yake likapata ncha mbili mpya, zimeshikana na zile tatu za mwaka 2019 kama vidole vya mkono mmoja.

Alichapa karatasi, akaenda nayo dirishani. Safari hii alisimama mwisho wa foleni na kungoja zamu yake.

"Ndugu wamefika," alisema.

Mama Kopo alivaa miwani. Alihesabu ncha kwa kalamu bila kuigusa karatasi: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akahesabu tena. Kisha akamwomba aliyefuata kwenye foleni asubiri kidogo, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaingia chumba cha nyuma na kukaa peke yake kwa dakika nne. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

Lililobaki lilikuwa jina la pili. Bwana Mti alikuwa ameshaandika Mamastrovirus na neno la pimbi mbele yake.

"Usirudie," alisema Mama Kopo. "Jana sungura, leo pimbi. Kesho tukimkuta kwa mbuzi wa jirani, utafumua tena?"

"Basi tumwite kwa jina lako."

"Inaruhusiwa?"

"Hapana. Sheria inakataza jina la mtu aliye hai."

"Kwa hiyo unaningoja nife."

"Nangoja ustaafu, Mama. Kufa si haraka."

Walijadiliana hadi chai ikapoa. Jina la mahali lingewaletea wenyeji sifa wasiyoitaka. Jina la ugonjwa halikuwepo, kwa kuwa pimbi waliowaona kule walikuwa na afya tele na dharau. Kitu pekee ambacho walikuwa na uhakika nacho, mwaka 2019 na sasa, ni kwamba punje zilitoka penye mawe. Fomu ilitoka na maneno mawili: Mamastrovirus mawe. Kwenye sanduku la mnyama waliandika pimbi, na kwenye sanduku la maelezo wakaweka aya nzima kuhusu kosa la trei, ufa wa paa na vikopo vya pili. Sanduku la wapendekezaji halikubadilika, isipokuwa herufi moja ya jina la baba yake.

Mfugaji alipigiwa simu kwamba sungura wake hawana kesi. Alisema alijua tangu mwanzo, na akauliza kama pimbi watashtakiwa.

Fomu ilitumwa Alhamisi tarehe 13 Juni 2024, saa nane na dakika ishirini mchana, siku moja kabla ya mwisho. Mama Kopo alibonyeza kitufe mwenyewe, kwa kidole cha shahada, kama anayejaribu joto la pasi. Siku iliyofuata uongozi ulimwandikia barua kumwomba aandae mwongozo wa kikopo cha pili, ukurasa mmoja, utumike kwa sampuli zote. Ina saini.

Wataalamu wa kundi hili wataisoma fomu kwanza, kisha kamati itapiga kura mwaka ujao. Mama Kopo anastaafu tarehe 30 Septemba, na Jumatatu hii anaanza kumfundisha atakayeketi mezani pake jinsi ya kugawa punje kabla ya kufungua chupa ya dawa.